Uso haukurudi kama zamani: je, tumshtaki munganga?



Katika ukurasa huu tumezoea kukuambia: vaa miwani, shusha kioo cha uso, usisimame mbele ya diski inayozunguka. Maneno hayo yangali ya kweli. Lakini leo tuseme juu ya mtu ambaye ajali imekwisha kumpata. Alipelekwa lopitali, akapasuliwa, akatoka. Bandeji zimeondolewa, na uso anaouona katika kioo si ule aliokuwa nao. Mdomo wa chini umekufa, hausikii kitu. Jicho moja limeingia ndani. Meno ya juu hayakutani na ya chini, na anakula peke yake kwa sababu mate yanamtoka. Watoto wanamwangalia, kisha wanageuza macho.

Hapo ndipo maneno yanaanza kambini. Mmoja anasema: «Nyamaza, ndugu, shukuru Mungu kwa sababu uko hai.» Mwingine anasema: «Munganga amekuharibu, twende tribinali kesho.» Sisi tunaona wote wawili wanakosa. Wa kwanza anakunyima haki yako. Wa pili anakutuma vitani bila silaha, na utarudi umepoteza pesa na wakati.

Sikiliza vizuri, kwa maana jambo hili lina mafundo mengi.

Kwanza ujue kwamba uso uliovunjika umevunjika kabla ya munganga kuugusa. Hili linasahauliwa upesi sana. Mwaka 1901 munganga mfaransa René Le Fort alionyesha kwamba mifupa ya katikati ya uso inavunjika kwa njia tatu kubwa. Katika ya kwanza meno ya juu na kaakaa vinatengana na uso. Katika ya pili pua inakwenda pamoja navyo. Katika ya tatu uso wote unatengana na kichwa. Hata leo waganga wanataja mivunjiko hiyo kwa jina lake. Mtu aliyepigwa namna ya tatu hawezi kurudi kama siku ya arusi yake, hata akipasuliwa na munganga mkubwa kuliko wote wa Ulaya.

Turudi kwa ndugu yetu, tuangalie matatu yaliyompata. Mdomo uliokufa: mshipa unaoleta kusikia katika mdomo wa chini unapita ndani ya mfupa wa taya, na unatokea katika tundu dogo karibu na kidevu. Taya likivunjika, mara nyingi mshipa huo unakatika au unavutwa palepale kazini. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: siku ya kufika lopitali, kabla ya kupasuliwa, nani alimgusa mdomo na kumwuliza kama anasikia? Kama iliandikwa «hasikii», munganga hana kosa juu ya mdomo. Kama iliandikwa «anasikia vizuri», na kisha operesheni hasikii tena, maneno ni mengine. Na kama haikuandikwa kitu? Hapo kila mmoja atasema lake, na tribinali itabaki na vinywa viwili bila karatasi.

Jicho lililoingia ndani: sakafu ya tundu la jicho ni nyembamba, inavunjika upesi. Siku za kwanza uso umevimba, kasoro haionekani. Uvimbe ukiisha, baada ya wiki mbili au zaidi, jicho linashuka. Basi kutoliona siku ya kwanza si kosa kila mara. Lakini munganga ambaye hakumwita mgonjwa arudi, au aliyemwona jicho linashuka na mgonjwa analalamika kwamba anaona vitu viwili viwili, akamwambia tu «itapita», huyo anapaswa kujibu.

Meno yasiyokutana ni jambo zito zaidi. Meno ndiyo kipimo cha mpasuaji. Anayetengeneza taya anaanza kwa kuyakutanisha meno ya juu na ya chini kama yalivyokuwa, anayafunga kwa waya, ndipo anakaza mfupa. Mara nyingi waya zinakaa wiki nne mpaka sita. Kama siku za kwanza mgonjwa anasema «meno yangu hayakai vizuri», yapo mambo ya kufanya mapema. Mfupa ukiisha kushikana vibaya, dawa ni kuuvunja tena. Kwa hiyo wewe mgonjwa useme siku ile ile, tena uombe iandikwe kwamba umesema.

Umeona? Mtu mmoja, uso mmoja, mambo matatu, na kila jambo lina jibu lake. Anayesema «uso wote ni kosa la munganga» atashindwa hata katika lile ambalo ana haki.

Sheria inasemaje? Katika nchi yetu, sheria ya madai ya mwaka 1888 ingali inatumika. Kifungu 258 kinasema kwamba mwenye kosa lililomletea mwingine hasara anapaswa kuitengeneza. Kifungu 259 kinaongeza uzembe na kutoangalia. Kifungu 260 kinamfanya mkubwa ajibu kwa ajili ya mtumishi wake. Maana yake, lopitali inaweza kujibu kwa ajili ya munganga na wauguzi wake. Lakini unapaswa kuonyesha mambo matatu: kosa, hasara, na kamba inayofunga kosa na hasara ile. Uso uliopindika unaonyesha hasara tu. Mawili mengine yanabaki.

Na kosa la munganga ni nini? Hapa tunapenda kukueleza kesi moja ya Ufaransa, kwa sababu waanasheria wa nchi zilizorithi sheria hizi wanaitaja mpaka leo, tena ni kesi ya uso. Mwaka 1925 mama mmoja aliyeugua pua alitibiwa kwa mionzi ya radio. Mionzi ikamwunguza ngozi ya ndani ya uso. Alishtaki mwaka 1929. Munganga akajibu: umechelewa, kosa la namna hii linakufa kisha miaka 3. Kesi ilipanda mpaka mahakama kubwa ya Paris, na tarehe 20 mwezi wa tano 1936 mahakama ilitoa hukumu inayoitwa Mercier. Ilisema kwamba kati ya munganga na mgonjwa kuna mapatano. Munganga haahidi kuponyesha. Anaahidi kutunza kwa moyo na kwa uangalifu, sawa na elimu ya uganga inavyojua wakati ule. Akivunja mapatano hayo, anajibu kama mtu aliyevunja mapatano, na mama yule hakuwa amechelewa.

Kwa hiyo usiende tribinali kusema «hakuniponyesha». Nenda kusema «hakufanya lile ambalo munganga mwangalifu angalifanya». Tena yako mambo ya uso ambayo hayaombi mashine kubwa wala pesa nyingi, na asiyeyafanya hana cha kujitetea. Tuyataje, ili nawe uyajue.

Damu inaweza kukusanyika nyuma ya jicho lililopigwa. Jicho linasukumwa nje, linakuwa gumu, linauma sana, na mtu anaanza kutoona. Munganga ana muda wa saa moja na nusu, pengine mbili, kukata kidogo kwenye pembe ya jicho ili kupunguza ile nguvu. Mgonjwa aliyelia usiku kucha «sioni, sioni», na hakuna aliyekuja kumfungua bandeji, ana kesi. Vilevile pua: damu ikikusanyika katika ukuta wa katikati na isitolewe, gegedu linakufa kwa siku chache na pua inaanguka. Kuangalia ndani ya pua kunaomba taa na dakika moja. Kidonda kirefu cha shavu nacho: kabla ya kushona, munganga anamwambia mgonjwa anyanyue nyusi, afunge macho kwa nguvu, aonyeshe meno. Kama upande mmoja hauendi, mshipa umekatwa, na kuutafuta ni rahisi zaidi katika siku tatu za kwanza. Aliyeshona bila kujaribu hawezi kujua kama mshipa ulikatwa na chuma au na kisu chake, na ujinga huo ni juu yake. Jino lililopotea lisipoonekana kinywani wala chini, litafutwe kwa radio ya kifua, kwa maana linaweza kuwa limeingia katika pafu. Na mtu aliyefungwa meno kwa waya hawekwi kitandani bila mkasi wa kukatia waya karibu naye. Akitapika usiku na hakuna wa kumkatia, anakufa.

Mtu atasema: lopitali yetu ni ndogo, hatuna skana, hatuna vyuma vya kukazia mifupa. Ni kweli. Tribinali haimwombi munganga wa mbali afanye kama wa lopitali kubwa. Inauliza munganga mwangalifu, mahali pale pale, na vitu vile vile, angalifanya nini. Na mara nyingi jibu ni: angalimtuma. Kutokuwa na chombo si kosa. Kumshika mgonjwa siku 10 bila chombo, wakati njia ya kwenda lopitali kubwa iko wazi na kamyo ya wagonjwa iko, hilo linaitwa kosa. Tunasema hivi bila kuwachukia waganga wetu. Wengi wao wanatumika usiku kwa taa mbaya, na wameokoa nyuso nyingi ambazo hakuna anayezitaja.

Sasa, usichanganye mifuko miwili. Ajali ya kazi ina mfuko wake. Ni ule wa CNSS, ambao zamani uliitwa INSS, na sheria yake ya sasa ni ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Pale huombwi kuonyesha kosa la mtu. Unaonyesha tu kwamba uliumia kazini. Angalia kwamba tangazo la ajali limeandikwa, na kwamba cheti cha munganga kinataja kila kitu: taya, meno mangapi, jicho lipi, kusikia, kuona. Tumeona vyeti vinavyosema «kidonda cha uso» basi. Kidonda cha uso kinaweza kuwa mkwaruzo! Kosa la munganga lina njia nyingine, na kupata pesa ya ajali hakumaanishi kwamba umemsamehe munganga. Mtoto wako akigongwa na pikipiki njiani, au bibi akianguka nyumbani, mfuko wa ajali ya kazi hauko. Ni njia ya pili peke yake.

Kuna woga mmoja ambao hausemwi kwa sauti. Lopitali nyingi ambamo tunatibiwa ni za kampuni, au kampuni ndiyo inayolipa. Mfanyakazi anawaza: nikiomba karatasi, wataniona mtu wa fujo, nitapoteza kazi. Tunasema wazi: matunzo hayo si zawadi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inamlazimisha mwajiri kukupa matunzo ya uganga na ya kupasuliwa, wewe na jamaa yako. Kuomba maelezo ya kitu ambacho ni haki yako si kukosa shukrani. Na kwa wakubwa wa lopitali tunasema hivi: mgonjwa anayepewa karatasi na kufasiriwa mambo yake, hata mabaya, anarudi kwa munganga. Yule anayefungiwa mlango anakwenda kwa avoka.

Milango iko minne. Wa kwanza ni munganga mwenyewe aliyekupasua, ukienda na bibi au ndugu mmoja anayejua kuandika. Uliza: ulikuta nini? ulifanya nini? kitu gani kinaweza kutengenezwa bado? Mlango huu unadharauliwa, lakini katika mambo ya uso ndio unaorudisha kitu, kwa sababu kasoro nyingi zinatengenezeka mapema na hazitengenezeki baadaye. Kama humwamini tena, omba kuonwa na mpasuaji mwingine.

Wa pili ni Ordre ya waganga, iliyoundwa mwaka 1968, yenye baraza katika jimbo. Inaweza kumrudi munganga kwa kazi yake. Pesa haitoi.

Wa tatu ni parke. Sheria ya makosa, kifungu 52, inasema juu ya anayemwumiza mtu kwa kukosa uangalifu, bila kutaka. Sisi hatupendi kuanza na mlango huu. Kifungo cha munganga hakirudishi meno, na siku parke inapoingia lopitali, wauguzi wote wanafunga vinywa, hata wale ambao wangalikusaidia. Lakini munganga aliyekuja amelewa, au aliyemwacha mgonjwa akaenda zake, huyo apelekwe, na asipewe huruma. Ujue tu jambo moja ambalo limeponyoka wengi: kuumiza bila kutaka kunaadhibiwa kwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, na kosa la adhabu hiyo linakufa kisha mwaka mmoja. Mwaka unahesabiwa tangu siku kosa lilipotendeka. Ukikaa miezi 14 ukingoja uso ujirekebishe wenyewe, mlango huo umefungwa.

Wa nne ni tribinali kwa madai ya pesa. Hapo sheria inatoa muda mrefu zaidi, mpaka miaka 30 kwa kifungu 647. Usiutegemee muda huo. Picha za radio zinapotea, madaftari yanaliwa na mchwa, munganga anahamia nchi nyingine, muuguzi anakufa. Tribinali itamwita mtaalamu, naye mtaalamu atasoma karatasi. Hakuna karatasi, hakuna la kusoma. Kama huna pesa ya avoka, kila baraza la avoka linapaswa kuwa na biro ya mashauri ya bure. Nenda na cheti cha umaskini, usione haya.

Basi karatasi. Hapa ninamgeukia mama wa nyumbani, kwa maana mgonjwa amefungwa meno, hawezi kusema.

Mama, siku ile ile mume wako anapoingia lopitali, toa ukutani picha ya arusi, au picha yoyote ambamo anacheka na meno yanaonekana, uipeleke kwa munganga. Mpasuaji anaihitaji ajue uso ulivyokuwa. Baadaye tribinali itaihitaji vilevile, ili isije ikaambiwa kwamba pua ilikuwa imepinda tangu utoto. Mpigie picha kabla ya kupasuliwa, hata kwa telefone, hata kama inakuumiza macho. Kisha mpigie kila wiki, mbele na pande zote mbili, mahali palepale penye mwanga. Siku ya kutoka, usikubali kwenda na dawa tu. Omba karatasi ya operesheni, ile inayosema nani alipasua, tarehe gani, alikuta nini, alifanya nini. Omba picha za radio za kabla na za baada. Zisikunjwe, zisiwekwe juani, na mtoto asizichezee dirishani. Karatasi aliyotiwa mkono kabla ya usingizi, ya kukubali kupasuliwa, omba nakala yake. Wengi wanawaza kwamba aliyetia mkono hawezi tena kulalamika. Si hivyo. Alikubali hatari za operesheni alizoelezwa. Hakukubali uzembe.

Lakini nawe uwe mkweli. Munganga naye ana daftari lake, na ndani yake mnaandikwa ninyi. Siku alizoitwa na hakuja, zimeandikwa. Tunajua wanaume waliokata waya nyumbani katika wiki ya tatu kwa sababu wamechoka na supu na wanatamani bukari. Tunajua waliokunywa pombe wakatapika. Taya linahama, na kosa hilo halitakuwa la munganga, au litagawanywa, na pesa itagawanywa pamoja nalo. Mpe uji wenye karanga zilizosagwa laini, supu ya samaki iliyochujwa, maziwa, mara sita kwa siku kidogo kidogo. Atakonda, na utamsikia akinung'unika katika meno yake yaliyofungwa. Vumilia wiki hizo. Kinywa kisafishwe kwa maji ya chumvi kila baada ya kula, la sivyo usaha utaingia penye mvunjiko.

Jambo la mwisho ni ile karatasi inayokuja siku moja mikononi mwa mtu mwema, pamoja na bahasha. Atasema: «Tumalize maneno kama ndugu.» Kumaliza maneno kwa mapatano ni kuzuri, tena mara nyingi ni bora kuliko miaka ya kwenda na kurudi tribinali. Lakini karatasi ya namna hii kwa kawaida inasema kwamba hutadai kitu tena, wala leo wala kesho. Uso wa mtu aliyevunjika haujulikani utakaaje mpaka miezi kadhaa ipite. Anayetia mkono katika mwezi wa pili anauza jicho ambalo bado halijashuka. Uliza kama operesheni ya pili imehesabiwa, na meno ya kuweka, na mwezi wa kukaa bila kutumika. Pokea karatasi, acha bahasha mezani, mwambie mgeni wako arudi wiki inayokuja, na jioni ile ile umpelekee delege wa sendika au avoka aisome yote.